Leseni ya Sauti ya Aba

Aba alikuwa katikati ya bei wakati sauti yake ilipogoma.

Tulikuwa kwenye mnada wa ngamia wa Isiolo, chini ya paneli za jua zilizotandazwa kama paa kutoka lango la soko hadi reli ya bandari kavu. Droni ya kaunti ilikuwa ikielea juu yetu, ikisoma vibati vya masikioni mwa ngamia mmoja mmoja na kutaja majina ya wenyewe. Aba alisimama mbele ya Haji Gedi, mnunuzi kutoka Garissa. Walikuwa wamejuana tangu wote wawili wakiwa na meno yote. Mkono wa kushoto wa Aba ulikuwa shingoni mwa ngamia jike mwekundu.

"Huyu hutoa maziwa hadi kiangazi kione aibu," Aba alisema. "Mwangalie macho. Huyu si ngamia, Gedi. Huyu ni shangazi yako!"

Watu walicheka. Sauti ilitoka katika kisanduku cheusi kilichoning'inia kifuani mwake, midomo yake ikitikisika upande mmoja tu. Watu wa soko walikuwa wameshaizoea walipokuja kumjulia hali nyumbani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi kazini tangu kiharusi, na mimi, binti yake, nilisimama nyuma yake nikiwa nimejaa furaha hadi kooni.

"Shangazi yangu hakuwa na goti bovu," Haji Gedi alisema. "Shusha."

"Sishushi! Bei yangu ya mwisho ni..."

Kisanduku kilinyamaza. Kikapiga mlio mfupi. Kisha, kwa sauti ile ile ya Aba, yenye mikwaruzo ile ile, kikasema: "Matumizi haya ni ya kibiashara. Leseni ya mwanafunzi hairuhusu biashara. Huduma imesitishwa hadi mwenye leseni afike ofisini."

Haji Gedi akapiga paja lake.

"Wallahi, Halkano amekuwa mwanafunzi! Uko darasa la ngapi, mzee? Umekuja na sare?"

"Muulizeni kama amemaliza hesabu za kuzidisha," mtu mwingine akadakia.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimezisoma kanuni zile zaidi ya mara kumi. Nilijua leseni yangu ni ya masomo na utafiti peke yake. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba programu ingeweza kutambua bei ndani ya sentensi, na kwamba ingemkatiza baba yangu kwa kutumia koo lake mwenyewe.

Aba hakuonyesha hasira. Alikitazama kile kisanduku kama mtu anayemtazama mtoto aliyeropoka mbele ya wageni. Kisha akavuta shali yake kutoka begani na kuitandaza juu ya mkono wake.

Hivyo ndivyo madalali wa zamani walivyouza. Mnunuzi na muuzaji huingiza mikono chini ya kitambaa na kuzungumza kwa vidole, ili waliosimama karibu wasijue bei. Aba alikuwa amenifundisha alama chache nilipokuwa mdogo, kwa mchezo. Kukwaruza kiganja kwa ukucha ni "bado sijaridhika." Kubana kifundo cha mkono mara mbili ni "ongeza." Kuuachia mkono ni "hakuna biashara." Na kuvishika vidole vyote vya mwenzako kwa pamoja, kwa nguvu, ni "tumekubaliana."

Tatizo lilikuwa kwamba mkono wa kulia wa Aba ulikufa siku moja na mdomo wake. Mkono aliounyoosha chini ya shali ulikuwa wa kushoto, na kumpa mtu kama Haji Gedi mkono wa kushoto ni kumtukana mbele ya umati.

Haji Gedi aliutazama. Aliacha kucheka. Polepole akarudisha mkono wake wa kulia mfukoni, akautoa wa kushoto, akauingiza chini ya shali. Wakasimama hivyo, kushoto kwa kushoto, wakitazama pembeni kama watu wanaongoja mvua. Kitambaa kilitikisika. Baada ya muda Haji Gedi akaguna.

"Dalali ni dalali," alisema, na kuwaita vijana wake waje kumfungua yule ngamia mwekundu.

*

Ofisi ya leseni ya Chuo Kikuu cha Ewaso ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maktaba. Aliyeisimamia ni Madam Namunyak, mama wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine nyweleni, ambaye hakuwahi kukumbuka ni upi wa kusomea.

"Talaso Halkano," alisema bila kuinua kichwa. "Kiti cha kumi na nane. Nimeletewa taarifa yako kabla hujavuka barabara. Umempeleka mshiriki wa utafiti akauze ngamia?"

"Alikwenda kusalimia watu, Madam."

"Akasalimia kwa bei."

Alikisukuma kisomaji cha leseni kuelekea kwangu. Nikaweka kidole gumba na kuitazama ile mboni ya kioo, yenyewe ikahesabu mapigo ya damu yangu. Ndivyo leseni ilivyoamshwa: lazima awe mwanafunzi mwenyewe, akiwa hai, akiwa mahali pale. Nyumbani ilikuwa hivyo kila asubuhi. Kabla ya chai, kabla ya kuchana nywele, niliweka kidole changu kwenye kisanduku cha Aba, nacho kilipohakikisha kwamba mimi ni mimi na bado ninasoma, baba yangu aliweza kusema "umeamkaje."

Programu ile iliitwa Kauli. Ubongo wa mtu aliyepigwa na kiharusi huendelea kutuma amri kwa ulimi na midomo, lakini amri hizo hupotea njiani. Utepe wa kichwani uliziwahi kabla hazijapotea, kisanduku kikazigeuza kuwa maneno, na maneno yakavishwa sauti ya mtu mwenyewe iliyoundwa kutokana na rekodi za zamani. Hospitali kubwa ziliinunua kwa bei ambayo mtu wa kawaida hata haiulizi. Kwa wanafunzi ilikuwa karibu bure, mradi watimize masharti. Uwe umesajiliwa. Uwe na angalau somo moja ambalo hujalimaliza. Uwe na kifaa kimoja na mshiriki mmoja. Usifanye biashara. Na kila chuo kilipewa viti arobaini, basi.

Mimi nilisomea sayansi ya lugha. Aba alikuwa utafiti wangu. Kwenye karatasi, baba yangu alikuwa "Mshiriki A."

"Imefunguka," Madam Namunyak alisema. Kisha akabadilisha miwani. "Mtihani wako wa mwisho ni lini?"

"Kesho, Ijumaa. Fonetiki."

"Basi unajua. Siku ya saba baada ya mtihani wa mwisho, saa sita mchana, kiti kinazimwa. Utakuja na kifaa hapa, ukizime kwa kidole chako, ndipo apewe anayefuata."

Nilijua. Nilikuwa nimelijua jambo hilo kwa miezi kama mtu anavyojua kwamba jino limeoza. Nikauliza nikitazama meza: "Na mtu asipofanya mtihani? Kwa mfano, akiugua?"

Madam Namunyak akabadilisha tena miwani.

"Asipofanya, somo halijakamilika. Ataurudia mwaka ujao. Na kwa mwaka huo bado ni mwanafunzi, kiti ni chake. Kanuni hazina macho, Talaso. Haziulizi mtu amekosa mtihani kwa sababu gani." Akashusha sauti. "Lakini mimi ninayo. Tena jozi mbili."

*

Nje, kwenye benchi la simiti, msichana aliyekuwa akingoja zamu alisimama na kunifuata. Alikuwa na kitambaa cha buluu shingoni na simu kubwa mkononi. Aliandika haraka, akanigeuzia kioo.

WEWE NDIYE KITI CHA 18?

"Ndiyo. Na wewe?"

KAGWIRIA. KUTOKA MJI WA MAUA. MIMI NDIYE NINAYEFUATA.

Aliandika tena, na nikaona kwamba alikuwa mtu wa maneno mengi, kidole chake kikikimbia kama kuku aliyetishwa.

USIOGOPE SIJAJA KUKUFUKUZA. NIMEKUJA KUONA SURA YA MTU ANAYEMALIZA. WENGI HAWAMALIZI.

"Vipi?"

Tulikaa. Aliniambia yote kwa kioo kile, nami nikijibu kwa mdomo. Miaka mitatu iliyopita madaktari walimpasua koo kwa sababu ya uvimbe, na uvimbe ukaondoka na sauti. Alikuwa akisomea ualimu wa watoto wenye mahitaji maalum. Alikuwa amemaliza masomo yote ila mazoezi ya kufundisha. Mwaka wa kwanza alikuwa wa pili katika orodha, na mwenye kiti mbele yake akaacha mtihani kwa makusudi. Mwaka wa pili alikuwa wa kwanza, na mwenye kiti akaacha mtihani kwa makusudi.

MMOJA ALIKUWA NA MKE. MWINGINE ALIKUWA NA MAMA. SIWALAUMU.

Alifuta, akaandika tena.

NINAWALAUMU KIDOGO.

Nilicheka, ingawa sikutaka. "Huwezi kufundisha kwa simu? Ikusomee unachoandika?"

NILIJARIBU. WATOTO WANGU WA MIAKA SITA HAWANGOJI NIANDIKE. NIKIMALIZA SENTENSI MMOJA AMESHAPANDA DIRISHANI. Akaniangalia usoni kabla ya kuandika lililobaki. NIMEAHIRISHA MARA MBILI. MARA YA TATU CHUO KINANIONDOA. MAZOEZI YANAANZA WIKI MBILI ZIJAZO.

Nikasema nitamwombea. Ndilo neno nililopata. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeombewa mara nyingi.

*

Niliporudi nyumbani Bulapesa, Aba alikuwa amekaa barazani. Jirani zetu walikuwa wakianua nguo.

"TALASO! CHAI!" alinguruma. Mbuzi wa jirani wakainua vichwa.

Hili sikuwa nimewaambia watu wa chuo, maana lilionekana kama utovu wa shukrani. Kauli huunda sauti kutokana na rekodi, na rekodi pekee za Aba tulizopata zilikuwa za vipaza sauti vya mnada. Miaka ishirini ya Aba akinadi. Kwa hiyo programu ilijifunza sauti moja tu. Aliomba chumvi kama anayeiuza. Alisali kwa mbwembwe. Siku moja alijaribu kunipa pole kwa homa na mtaa mzima ukaja kunitazama.

Lakini Aba alikuwa na sauti nyingine. Ile ya ndani ya nyumba, ya chini, ambayo alikuwa akiitumia mama yangu alipokuwa hai, na baadaye alipokuwa akinisukia nywele kwa vidole visivyojua kusuka, akiniambia majina ya ngamia waliokufa kabla sijazaliwa. Hakuna aliyewahi kuirekodi. Nani angerekodi sauti ya mtu akinong'ona kwamba bado kitambo tu, kichwa kisisogee? Kwa miezi tisa kabla ya leseni niliishi na baba aliyenyamaza kabisa. Sasa niliishi na baba anayenguruma, na nilishukuru, na bado kila asubuhi, kidole changu kikiwa kwenye kile kisanduku, nilitumaini kwamba leo ndiyo ile sauti nyingine itaamka.

Nilihitaji muda tu. Mwaka mmoja zaidi, na huenda programu ingejifunza.

Nilimpa chai. Akainywa kwa upande mzima wa mdomo.

"MTIHANI NI KESHO!" alisema. "UMEJIANDAA?"

"Umeahirishwa, Aba."

"HADI LINI?"

"Mwakani."

Aba aliweka kikombe chini. Alikuwa ameangalia nyuso za watu wanaodanganya kuhusu magoti ya ngamia kwa miaka arobaini.

"UNANIDANGANYA!"

Upande wa pili wa ua, jirani yetu Mama Boru aliacha kuanua. "Nani anamdanganya Mzee Halkano?"

"Hakuna, Mama Boru!"

"BINTI YANGU!" Aba akamjibu.

Basi nikamwambia. Nikamwambia kuhusu kiti, na siku ya saba, na saa sita mchana. Nilimwambia kuhusu Kagwiria pia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusema kweli na sikujua pa kuishia. Mama Boru alisikiliza yote akiwa ameshika shuka moja ambayo ilikuwa imeshakauka.

Aba alifungua mdomo. Kisanduku kikakohoa, "MIMI...", akakifunga tena. Akamtazama Mama Boru, akatazama mbuzi, akatazama mtaa uliokuwa ukingoja kusikia dalali atasema nini. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akauvua utepe kichwani mwake, akauweka kando ya kikombe.

Hakuwahi kuuvua kwa hiari hata mara moja. Hata kulala alilala nao.

Akatandaza shali yake juu ya magoti yetu, akanyoosha mkono chini yake, akaningoja.

Niliingiza mkono wangu wa kushoto. Kiganja chake kilikuwa kikavu, kimejaa sugu za kamba.

"Mwaka mmoja tu," nilisema kwa sauti ya chini. "Nimalize utafiti, nipate kazi, ninunue leseni ya watu wazima. Kagwiria angoje mwaka mmoja."

Ukucha ulikwaruza kiganja changu. Bado.

"Nitamtafutia kiti chuo kingine. Nitaandika barua."

Bado.

"Aba, mimi ndiye niliyekuosha. Mimi ndiye niliyekulisha kwa kijiko miezi tisa bila kusikia hata neno. Unataka nirudi kule?"

Ukucha ulisimama. Haukukwaruza, wala mkono haukuniachia. Ulikaa tu juu ya kiganja changu, na nikaelewa kitu ambacho sauti ya soko haikuwahi kuniambia: Aba naye hakutaka kurudi kule. Alitaka mwaka ule kuliko mimi. Alitaka kunguruma hadi mwisho wa maisha yake, kuwatukania watu shangazi zao, kuomba chumvi kwa mbwembwe. Alikuwa akijizuia kunibana kifundo mara mbili.

Nilimfikiria mtoto wa miaka sita dirishani, na mwalimu chini yake akiandika haraka, neno "shuka" likiwa bado halijafika mwisho.

"Kesho nitakwenda," nilisema. "Saa tatu. Nitafanya mtihani."

Mama Boru alikuwa amegeuka, anakunja nguo zake bila kelele.

Kisha Aba akavikusanya vidole vyangu vyote, akavishika kwa pamoja, kwa nguvu iliyoniumiza.

*

Nilifanya mtihani. Swali la tatu liliuliza tofauti kati ya sauti na maana, na niliandika kurasa nne hadi msimamizi akaninyang'anya.

Siku saba zile Aba alizitumia kama mtu aliyepewa ufunguo wa duka. Aliwapigia watu simu Moyale na Marsabit. Aligombana na Haji Gedi kuhusu goti la yule ngamia, kwa kirefu, akiwa mwangalifu asitaje bei. Jioni alinisimulia habari za mama yangu, ambaye nilimpoteza nikiwa na miaka mitano: jinsi alivyoogopa radi, jinsi alivyopenda kula ukoko wa wali akiwa amesimama. Nilishusha sauti ya kisanduku hadi alama ya chini kabisa ili isikike kama ile ya zamani. Haikusikika hivyo. Ilisikika kama mnada ulio mbali sana, ng'ambo ya mto, siku yenye upepo. Nilisikiliza hivyo hivyo.

Siku ya saba tulifika ofisini saa tano na nusu. Kagwiria alikuwa tayari, kitambaa chake kimepigwa pasi, utepe mpya ukiwa kwenye mfuko wa karatasi. Alipomwona Aba alisimama na kuinamisha kichwa, na mikono yake ikaanza kutafuta simu ili iandike kitu.

"ACHA!" Aba alisema. Vitabu vilitikisika rafuni. "Usiandike. Wewe ndiye mwalimu?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Watakuuliza maswali ya kipumbavu. Wajibu yote. Na usipige kelele kama mimi. Watoto si ngamia."

"Mzee Halkano," Madam Namunyak alisema, akiwa amevaa miwani yote miwili kwa mara moja, "imebaki dakika tano. Kama kuna neno ungependa kumwambia Talaso..."

Aba alinigeukia. Madam Namunyak alitazama dirishani. Kagwiria alitazama viatu vyake. Niliona koo la baba yangu likipanda na kushuka, na nilijua maneno yalikuwa yameshatumwa, yako njiani, yanakaribia utepe.

Akauvua.

Maneno yale hayakusikika. Midomo yake ilitikisika upande mmoja, kimya, kwa muda kama wa sentensi mbili. Kisha akaniwekea utepe kiganjani.

Niliweka kidole changu kwenye kisanduku. Kioo kiliuliza: "Zima kiti 18? Hatua hii hairudishwi." Mapigo yangu yalikuwa ya kasi mno hata mashine ikaniomba nirudie. Nilirudia. Taa ya kijani ikawa nyeupe, kisha haikuwa na rangi.

Madam Namunyak aliandika jina jipya. Kagwiria akaweka kidole chake, akaitazama mboni ya kioo bila kupepesa, akavaa utepe wake. Sauti yake ilikuwa imeundwa kutokana na jumbe alizomtumia dada yake kabla ya upasuaji. Tulingoja. Kisanduku chake kilipumua.

"Haya," kilisema, kwa sauti nyembamba ya msichana anayezungumza akitembea. Akashtuka, akashika koo. "Haya. Haya, haya, haya. Ngai, Mungu wangu! Nilikuwa nimesahau kwamba nina kithembe." Akacheka, na kicheko kilitoka pumzi tupu, kwa kuwa Kauli haikujua kicheko, lakini sisi sote tulikisikia. Kisha akamshika Aba mkono, ule wa kushoto. "Asante, Mzee. Nitaongea kwa sauti ndogo. Lakini nitaongea sana."

Aba aliitikia kwa kichwa. Saa ya maktaba ikapiga sita.

*

Tulirudi kwa miguu, kwa kuwa Aba alipenda kupita karibu na soko. Ngamia walikuwa wamelala kivulini. Droni ilikuwa ikisoma vibati na kutaja majina, na watu walimwita, "Mzee Halkano! Mwanafunzi! Umefuzu?" Aliinua mkono.

Mimi sikusema kitu. Niliogopa kwamba nikianza nitalia barabarani, naye hataweza kuniambia ninyamaze. Kichwani nilikuwa nikijiahidi mambo: nitaandika programu nyingine, isiyouliza mtu anasoma wapi, itakayojua kwamba mtu huwa na sauti zaidi ya moja. Niliamini kwamba nitaiandika. Bado ninaamini. Lakini siku ile nyumba ilikuwa mbele yetu, nami nilijua jinsi kimya chake kilivyo.

Tulipopita lango la mwisho, Aba alisimama. Akavuta shali yake begani, akaitandaza juu ya mkono wangu kana kwamba nilikuwa mnunuzi, na mkono wake ukaingia chini. Hapakuwa na mtu wa kumficha bei. Nilingoja.

Alibana kifundo changu mara mbili. Polepole, kwa upole, bila mbwembwe yoyote.

Ongeza.

Sikuelewa. Nilimtazama, naye akatazama mbele, kama watu wa biashara wanavyofanya. Akabana tena, mara mbili, na mbano ulikuwa wa chini, wa ndani ya nyumba, wa mtu anayekuambia bado kitambo tu, kichwa kisisogee. Ndipo nikajua ni sauti gani iliyokuwa ikisema nami.

"Swali la tatu," nilianza, na sauti yangu ikakatika, nikaianza upya, "swali la tatu la mtihani, Aba, liliuliza kuhusu sauti na maana. Nikawaandikia habari ya ngamia mwekundu."

Ongeza.

Nikaongeza. Nilizungumza njia nzima hadi Bulapesa, na mkono wake haukuniachia.